Pafukapo Moshi Pana Moto: Historia ya Volkano Zilizogunduliwa Nje ya Dunia Yetu



Wazee walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Usemi huu hutumika zaidi kwa habari za watu, pale uvumi unapotangulia na ukweli ukafuata nyuma yake. Juma hili tunautumia kwa maana yake ya wazi kabisa. Tunazungumzia moshi ulioonekana mwezi Machi mwaka 1979, mamia ya mamilioni ya kilometa kutoka hapa tulipo, na moto uliokuwa chini yake.

Tunakusudia kusimulia jinsi binadamu alivyokuja kutambua kwamba Dunia yetu si mahali pekee penye milima inayotapika moto. Tena mahali penye volkano nyingi na kali kuliko pote, miongoni mwa sayari na miezi ya Jua letu, si kwenye sayari kubwa hata kidogo. Ni kwenye mwezi mmoja mdogo uitwao Io, ambao kwa miaka 369 ulionekana katika darubini kama nukta tu ya mwanga, na hakuna aliyedhani kwamba unawaka.

NUKTA NNE KANDO YA MSHTARII

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, katika mji wa Padova nchini Italia, Galileo Galilei aliielekeza darubini yake ndogo kwenye sayari ya Mshtarii, akaona nyota tatu zimejipanga kando yake. Usiku uliofuata zilikuwa zimehama. Aliendelea kuzifuatilia, na kufikia tarehe 13 alikuwa ametambua kwamba ziko nne. Kisha akaelewa kwamba si nyota, bali ni miezi inayoizunguka Mshtarii kama Mwezi wetu unavyoizunguka Dunia. Usiku ule wa kwanza miezi miwili ilikuwa imekaribiana mno hata akaiona kama nukta moja, na mmoja wa hiyo miwili ndio huo tunaousimulia leo. Mwaka 1614 Mjerumani Simon Marius alichapisha majina yaliyokuja kuzoeleka, kutoka hadithi za kale za Wayunani: Io, Europa, Ganymede na Callisto.

Kwa kuwa habari hii inaligusa Kanisa, haifai tuipite kimya. Wajesuiti wa Chuo cha Roma, wakiongozwa na padre mwanahisabati Christopher Clavius, waliitazama miezi hiyo wenyewe. Mwaka 1611 Kardinali Roberto Bellarmino alipowauliza, walithibitisha kwamba ipo. Miaka 22 baadaye, mwaka 1633, Galileo alihukumiwa mjini Roma kwa sababu ya kutetea fundisho kwamba Dunia hulizunguka Jua; na tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani kosa la wanateolojia wa wakati ule. Historia hiyo ni ndefu na tunaiachia siku nyingine. Kwa leo tunachukua jambo moja tu: wale mapadre wa mwaka 1611, walipoitwa kushuhudia, walitazama kwanza ndipo wakajibu.

MOTO ULIOTAFUTWA PASIPO NA MOTO

Mjesuiti mwingine, Athanasius Kircher, alikuwa na shauku ya moto wa chini ya ardhi. Mwaka 1638, miaka michache tu baada ya mlipuko mkubwa wa Vesuvio wa mwaka 1631, aliupanda mlima huo akashuka ndani ya kasoko yake ili aone kwa macho yake kinachochemka humo. Baadaye aliandika kitabu kikubwa juu ya mambo ya chini ya nchi, akichora Dunia yenye matanuri ya moto tumboni, yaliyounganishwa na mifereji inayofika hadi kwenye midomo ya volkano. Mchoro wake haukuwa sahihi, lakini swali lake lilikuwa zuri: joto hili linatoka wapi, na ni nani analichochea?

Wengine walilipeleka swali hilo mbinguni. Mwaka 1787 William Herschel, mwanafalaki hodari aliyekuwa ameigundua sayari ya Uranus miaka sita kabla, alitangaza kwamba ameona volkano tatu katika sehemu yenye giza ya Mwezi wetu, moja ikiwaka. Leo tunajua kwamba hapakuwa na volkano iliyowaka. Yaelekea alichokiona ni nuru ya Dunia yetu ikirudishwa na sehemu za Mwezi zinazong’aa kuliko nyingine. Hata yale mashimo ya mviringo yaliyoenea juu ya uso wa Mwezi, ambayo kwa muda mrefu wengi waliyadhania kuwa midomo ya volkano, karibu yote yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani.

Hata hivyo Herschel hakukosea kabisa kuuhusisha Mwezi na moto. Mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Marekani kuanzia mwaka 1969 yalionyesha kwamba yale mabaka meusi tunayoyaona usiku wa mwezi mpevu ni lava iliyomwagika na kuganda, nyingi yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwaka 2020 chombo cha China, Chang’e 5, kilileta mawe ya lava yenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Basi Mwezi uliwahi kuwaka, kisha ukapoa.

MILIMA ILIYOCHOMOZA KATIKA VUMBI

Mwezi Novemba mwaka 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika Mirihi, kikawa cha kwanza kuizunguka sayari nyingine. Kilikuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi. Kamera hazikuona kitu, isipokuwa madoa manne meusi. Ilibidi wataalamu wasubiri majuma kadhaa. Vumbi lilipoanza kutua, walielewa kwamba madoa yale yalikuwa vilele vya milima mirefu mno, iliyochomoza juu ya tufani kama visiwa baharini, na kila kilele kilikuwa na kasoko.

Mkubwa kuliko yote ni Olympus Mons. Kimo chake ni karibu kilometa 22, na upana wake kitakoni ni takriban kilometa 600. Kilimanjaro chetu kina mita 5,895; ingebidi kupandanisha zaidi ya vitatu na nusu ili kufikia kimo hicho. Sababu za ukubwa huo zinaeleweka. Katika Dunia yetu gamba la juu husogea polepole, na mlima huondolewa juu ya chanzo chake cha moto kabla haujakua kupita kiasi. Gamba la Mirihi halisogei hivyo, kwa hiyo lava ilipanda mahali palepale na kulundikana kwa muda mrefu sana. Tena nguvu ya uvutano ya Mirihi ni kama theluthi moja tu ya ile ya Dunia, na mlima huweza kusimama mrefu bila kulemewa na uzito wake. Lakini milima hiyo imetulia. Hakuna aliyewahi kuiona ikilipuka.

KANUNI ILIYOONEKANA KUTOSHA

Kutokana na mambo hayo, wataalamu walikuwa na kanuni iliyokubalika, nayo ni ya akili kabisa. Uji ulio katika kikombe hupoa kabla ya ule uliobaki katika sufuria. Vivyo hivyo tufe dogo hupoteza joto lake upesi kuliko kubwa. Dunia bado ina moto tumboni kwa sababu ni kubwa: imehifadhi joto la kuzaliwa kwake, na mawe yake yana madini yenye mionzi yanayoendelea kutoa joto. Mirihi ni ndogo, imepoa kwa sehemu kubwa. Mwezi ni mdogo zaidi, nao umepoa mapema.

Kwa kanuni hiyo, Io lazima iwe imepoa zamani. Kipenyo chake ni kilometa 3,643, kikubwa kidogo tu kuliko kile cha Mwezi wetu. Wengi walitarajia kuona huko uso wa kale, uliojaa mashimo ya vimondo.

HESABU ILIYOTANGULIA KWA SIKU TATU

Wanasayansi watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, waliliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Hawakuuliza Io ilizaliwa na joto kiasi gani. Waliuliza kama kuna kitu kinachoendelea kuipasha moto.

Wasomaji wetu wa pwani watalielewa jambo hili upesi. Bahari hujaa na kupwa kwa sababu Mwezi huivuta. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Jua na Mwezi huvuta katika mstari mmoja, nasi tunaona bamvua. Uvutano huo huvuta hata miamba ya Dunia, ingawa kwa kiasi kidogo tusichoweza kukihisi.

Sasa Io iko karibu sana na Mshtarii, sayari yenye uzito mara 318 ya Dunia, na huizunguka kwa saa 42 na nusu tu. Kama njia yake ingekuwa duara kamili, ingevutwa kwa nguvu ileile wakati wote, na umbo lake lingetulia. Lakini ina ndugu wawili. Io inapozunguka mara mbili, Europa huzunguka mara moja. Na Europa inapozunguka mara mbili, Ganymede huzunguka mara moja. Kwa hiyo hukutana tena na tena mahali palepale, na kila mara ndugu hao huisukasuka Io isikae katika duara. Njia yake hubaki duaradufu: mara inakaribia Mshtarii, mara inajitenga. Mwamba wake huinuka na kushuka kila mzunguko, na kwa makadirio huweza kufika mita 100. Kila aliyewahi kukunja na kukunjua waya hadi ukakatika anajua kwamba pale unapokunjwa hupata moto. Io hukunjwa namna hiyo mchana na usiku, bila kupumzika.

Hesabu ya wanasayansi hao ilionyesha kwamba joto la msuguano huo latosha kuyeyusha sehemu kubwa ya tumbo la Io, na kwamba huenda volkano zimeenea juu ya uso wake. Makala yao ilichapishwa katika jarida la Science tarehe 2 Machi 1979. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kilikuwa kimebakiza siku tatu tu kufika.

ALAMA HAFIFU PEMBENI

Tarehe 5 Machi 1979 Voyager 1 ilipita karibu na Io. Picha ziliwashangaza wote. Uso ulikuwa wa njano, rangi ya chungwa, nyeupe na nyeusi, wala halikuonekana hata shimo moja la kimondo. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilikuwa kikiufunika uso huo upya kila mara. Lakini mlipuko wenyewe haukuwa umeonekana bado.

Aliyeuona hakuwa miongoni mwa wataalamu wa volkano. Alikuwa mhandisi wa umri wa miaka 25, Linda Morabito, aliyefanya kazi katika kundi la kuongoza safari ya chombo kwenye kituo cha JPL, jimbo la California. Kazi yake ilikuwa ya kawaida: kulinganisha mahali ilipo miezi ya Mshtarii na nyota zilizo nyuma yake, ili ijulikane kwa hakika chombo kiko wapi. Nyota hizo ni hafifu, kwa hiyo picha za kazi hiyo zilipigwa kwa kuruhusu mwanga mwingi kuliko kawaida.

Tarehe 9 Machi alikuwa akiichunguza picha iliyopigwa siku iliyotangulia, wakati Voyager imekwisha kuipita Io na kuiacha nyuma kwa kilometa zipatazo milioni 4.5. Alipoongeza mwangaza wa picha ili aione nyota aliyoitafuta, alikuta pembeni mwa Io kitu kama mwavuli hafifu, kimechomoza nje ya ukingo wa mwezi huo.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. Picha ilimpa alichohitaji. Nyota zilionekana, na kazi aliyotumwa ingeweza kuishia hapo. Alama ile ingeweza kuitwa kasoro ya kamera ikasahauliwa. Yeye na wenzake walikataa njia hiyo rahisi. Waliuliza kama ni hitilafu ya chombo, haikuwa. Waliuliza kama ni mwezi mwingine uliojificha nyuma ya Io. Hapakuwa na mwezi mahali pale. Wakaondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine, hadi ukabaki mmoja: ni wingu linalorushwa kutoka kwenye uso wa Io, kufikia kimo cha karibu kilometa 300. Io haina hewa ya kuzuia, na uvutano wake ni chini ya moja ya tano ya ule wa Dunia, kwa hiyo kinachorushwa huko hupaa mbali. Volkano hiyo baadaye iliitwa Pele.

Habari ilitangazwa tarehe 12 Machi 1979. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameona volkano hai mahali pasipo Dunia. Wataalamu walirudi kwenye picha walizokuwa nazo tayari, wakakuta milipuko mingine. Moshi ulikuwamo humo tangu mwanzo, ukisubiri mtu wa kuutazama.

YALIYOFUATA

Tangu hapo ufahamu umeongezeka mwaka hadi mwaka. Chombo kilichopewa jina la Galileo kiliizunguka Mshtarii kuanzia mwaka 1995 hadi 2003, kikathibitisha kwamba lava nyingi ya Io ni mawe yaliyoyeyuka, wala si salfa peke yake kama baadhi walivyodhani. Leo volkano zaidi ya 400 zinajulikana huko. Kasoko iitwayo Loki Patera ina upana wa takriban kilometa 200. Tarehe 30 Desemba 2023 na 3 Februari 2024, chombo cha Juno kilipita kilometa zipatazo 1,500 tu juu ya Io. Vipimo vyake, vilivyochapishwa Desemba 2024, vilionyesha kwamba chini ya gamba la Io hakuna bahari moja ya mwamba ulioyeyuka iliyouzunguka mwezi wote karibu na uso, kama wengi walivyokuwa wameanza kuamini. Kwa hiyo hata hesabu iliyoshinda mwaka 1979 inaendelea kusahihishwa katika mambo yake ya ndani.

Moto si namna pekee ya volkano. Mwezi Agosti 1989 Voyager 2 iliona kwenye Triton, mwezi wa Neptuni wenye baridi ya nyuzi 235 chini ya sifuri, mifoko ya gesi na vumbi ikipanda kilometa 8. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kilithibitisha kwamba Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilometa 500 hivi, hurusha angani mvuke na chembe za barafu kutoka nyufa za kusini mwake. Chini ya barafu hiyo kuna bahari ya maji ya chumvi. Kinachoipasha moto ni msuguano uleule unaoiwasha Io.

Zuhura nayo ilitufundisha subira. Chombo cha Magellan kiliichora kwa rada kati ya mwaka 1990 na 1992, kwa kuwa mawingu yake mazito hayapenyeki kwa kamera ya kawaida. Miaka zaidi ya 25 baadaye Robert Herrick alikaa takriban saa 200 akilinganisha picha hizo za zamani, moja kwa moja, kwa macho. Akaona kwamba mdomo mmoja wa volkano karibu na mlima Maat Mons ulikuwa umebadilika umbo na kupanuka karibu mara mbili kati ya Februari na Oktoba 1991. Yeye na mwenzake Scott Hensley walitangaza habari hiyo mwezi Machi 2023. Ushahidi ulikuwa umelala ghalani zaidi ya miaka thelathini.

TUJIFUNZE NINI?

Wapendwa, kanuni ya uji na kikombe haikuwa uongo. Kidogo hupoa upesi, ni kweli hata leo. Kasoro ilikuwa kudhani kwamba kila kidogo kimeachwa peke yake. Io inawaka kwa sababu ya majirani zake: Mshtarii inaivuta upande huu, Europa na Ganymede zinaizuia isitulie. Aliyeitazama Io peke yake angeapa kwamba imekufa. Nasi tunapopima vitu vya ulimwengu, na hata tunapopimana sisi kwa sisi, yafaa tuulize kwanza nini kinamzunguka huyu, na nini kinamvuta, kabla ya kutamka kwamba hana moto ndani yake.

Jambo la pili ni heshima kwa kazi zisizo na sifa. Herschel alikuwa bingwa, na bado aliona moto ambapo hapakuwa na moto, kwa kuwa alikuwa akiutarajia. Morabito hakuutarajia; alikuwa akitafuta nyota. Lakini alipoona asichokielewa hakukifuta, wala hakukipa jina haraka. Alikaa nacho hadi kikasema chenyewe. Wale Wajesuiti wa mwaka 1611 walifanya hivyo, na mtu wa zile saa 200 za Zuhura alifanya hivyo. Katika ofisi, darasani, zahanati na shambani, mambo mengi husubiri mtu wa namna hii.

Mshtarii inapokuwa juu usiku, nayo ni miongoni mwa nyota angavu kuliko zote, mwenye darubini ndogo ya mkononi anaweza kuiona miezi ile minne, ilimradi aishike pasipo kutikisika. Io ndiyo iliyo karibu zaidi na sayari kati ya hiyo minne, na mara nyingi humezwa na mng’aro wake. Wazazi, waonyesheni watoto. Waambieni kwamba ile nukta iliyotulia kimya inachemka saa hii hii. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tunawatakia juma jema.